Kiti cha Archie Bunker: Vyombo vya Nyumbani Katika Mchezo wa Televisheni na Ushahidi Wavyo kwa Historia

Mtu anayeandika historia ya taifa huanza kwa hati: mikataba, barua za watawala, vitabu vya hesabu na magazeti. Vyombo vya nyumbani huachiwa wauzaji wa vitu vikuukuu. Lakini mwaka 1978 jumba la makumbusho ya historia lililo chini ya Smithsonian Institution, mjini Washington, lilipokea viti viwili vilivyokwisha kuchakaa, likaviweka pamoja na kumbukumbu nyingine za taifa la Marekani. Viti hivyo havikukaliwa na rais wala jemadari. Vilikaliwa na waigizaji wawili, Carroll O'Connor na Jean Stapleton, katika mchezo wa kuchekesha wa televisheni ulioitwa All in the Family. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi vyombo vya mchezo huo vilivyochaguliwa, kazi vilivyofanya mbele ya watazamaji, na mambo ambayo vyombo vya namna hiyo vyaweza, na yale ambayo haviwezi, kumwambia mtafiti wa historia.

Yafaa kwanza nimkumbushe msomaji asili ya mchezo wenyewe. Mwaka 1966 shirika la BBC la Uingereza lilianza kuonyesha mfululizo wa Till Death Us Do Part, ulioandikwa na Johnny Speight. Ulimhusu Alf Garnett, mfanyakazi wa mashariki ya London, mtu wa maneno makali, mwenye kuwachukia wageni na kugombana kila siku na mkwewe kijana. Norman Lear, mwandishi na mtengenezaji wa michezo wa Marekani, alipata haki ya kuuhamishia mchezo huo nchini kwake. Shirika la ABC lilitengenezewa michezo miwili ya majaribio, mmoja mwaka 1968 na mwingine mwaka 1969, likaikataa yote miwili. Ndipo CBS ilipoukubali, na tarehe 12 Januari 1971 watu wa Marekani wakamwona kwa mara ya kwanza Archie Bunker, mkewe Edith, binti yao Gloria, na Mike, mume wa Gloria, kijana wa asili ya Kipoland aliyekuwa mwanafunzi asiye na mshahara. Kabla ya sehemu ya kwanza kuonyeshwa, CBS iliweka onyo la kuwaeleza watazamaji kwamba nia ya mchezo ni kuzicheka chuki na udhaifu wa wanadamu, si kuzisifu. Onyo hilo lenyewe laonyesha jinsi wenye shirika walivyokuwa na hofu. Hata hivyo mchezo ulipendwa mno: kwa misimu mitano mfululizo, tangu mwaka 1971 hata 1976, ulishika nafasi ya kwanza katika hesabu ya watazamaji wa nchi nzima.

Karibu mambo yote ya mchezo huo yalitendeka katika chumba kimoja. Nyumba ya akina Bunker ilisemwa kuwa katika barabara ya Hauser, namba 704, mtaa wa Queens katika mji wa New York. Picha za mwanzo wa kila sehemu zilimchukua mtazamaji kutoka majumba marefu ya Manhattan mpaka kwenye nyumba ndogo zilizobanana za Queens. Hivyo kabla mtu yeyote hajasema neno, mtazamaji alikwisha kujua kwamba ameondoka kwa wenye fedha na kuingia kwa wenye kufanya kazi. Ndani palikuwa na ukumbi wenye mlango wa nje, ngazi ya kupandia vyumba vya juu, meza ya kulia, na mlango wa jikoni. Chumba cha namna hii, ambacho wageni, chakula na ugomvi vyote hupitia humo, kiliwafaa waigizaji na kamera pia, kwa sababu mchezo ulichukuliwa kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja, mbele ya watazamaji waliokaa wakicheka. Mtindo wa kamera nyingi mbele ya watazamaji haukuwa mgeni. Tangu mwaka 1951 mchezo wa I Love Lucy uliutumia kwa filamu. Lakini All in the Family haukutumia filamu. Ulinaswa katika kanda za video, na picha za kanda zilikuwa kavu, zisizo na ule wororo wa sinema, hata mtazamaji akajiona kama jirani aliyechungulia dirishani.

Jambo la pili ni rangi. Wakati ule televisheni za rangi zilikuwa zimeenea Marekani, na mashirika yalipenda michezo yenye kung'aa ili watu wazione rangi walizozinunua kwa fedha nyingi. Lear alitaka mchezo wake uonyeshwe kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, CBS haikukubali. Basi akaifikia nia yake kwa njia nyingine. Kuta, mapazia, makochi na nguo za waigizaji vilichaguliwa katika rangi za udongo na za kufifia, mfano wa picha za kale zilizohifadhiwa katika kitabu cha jamaa. Mtazamaji wa siku hizi akiitazama nyumba ile huweza kudhani kwamba kanda zimechujuka kwa ukongwe. Sivyo, zilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na kwa makusudi. Archie Bunker alikuwa mtu aliyeziona siku njema kuwa zile zilizokwisha pita, na wimbo wa mwanzo wa mchezo, ambao yeye na Edith waliuimba wamekaa kwenye piano, ulisifu siku hizo. Nyumba yake ilitiwa rangi za fikira zake.

Sasa natufike kwenye kiti chenyewe. Hakikutengenezwa na fundi wa mchezo. Yeye aliyetafuta samani alikipata, pamoja na kile cha Edith, katika duka la vitu vikuukuu huko kusini mwa California, kwa bei ya dola chache tu. Kilikuwa kiti cha kuegemea, chenye kitambaa kilichochakaa na mikono iliyosuguliwa na miaka. Cha Edith kilikuwa kidogo zaidi, na katikati yao palikaa meza ndogo ya kuwekea vitu, mahali pa kopo la bia na kisahani cha majivu ya sigara. Tazama basi tofauti ya viti hivi viwili. Mume ana kiti kipana cha kujilaza; mke ana kiti chepesi, cha mtu atakayeinuka mara moja atakapoitwa jikoni. Na ndivyo ilivyokuwa: Edith alikwenda mbio kuleta bia, akarudi mbio, akakaa kidogo, akaitwa tena. Hakuna mwandishi aliyehitaji kumwekea Edith maneno ya kulalamikia hali yake. Kiti chake kilikwisha kusema.

Kiti cha Archie kilikuwa pia na sheria yake. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Mkwe alipojisahau akakaa, aliamriwa ainuke; mgeni alipokielekea, wenyeji walishtuka. Sisi tuliozoea adabu za pwani twaweza kulipima jambo hili vizuri, kwa maana kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichotiwa nakshi za pembe, ambacho bado huonekana katika makumbusho ya Lamu, kiliwekwa katika nyumba za wakubwa ili akalishwe mgeni wa heshima. Heshima ya mwenye nyumba ilionekana katika kukitoa. Kwa Archie ilikuwa kinyume: heshima yake yote ilionekana katika kukizuia. Naye hakuwa na kingine cha kuzuia. Kazini alikuwa msimamizi wa wapakiaji mizigo chini ya wakubwa wengine, na nyakati fulani aliendesha teksi ili kuongeza kipato. Nje ya nyumba aliamriwa; ndani ya nyumba alikuwa na enzi yenye ukubwa wa kiti kimoja. Mtu asiyelielewa jambo hili hatauelewa mchezo huu, wala hatawaelewa wapiga kura wengi wa Marekani wa zama hizo, ambao walihofia kwamba kila haki anayopewa jirani ni inchi moja iliyokatwa katika kiti chao.

Ndiyo maana sehemu iliyoonyeshwa tarehe 19 Februari 1972 haikusahauliwa. Mwimbaji na mwigizaji maarufu Sammy Davis Jr., mtu mweusi, alikuja akicheza nafsi yake mwenyewe. Sababu ya kumleta ilikuwa kitu kidogo mno: mkoba. Aliusahau ndani ya teksi aliyoiendesha Archie, akaja nyumbani kuuchukua. Archie, ambaye aliwadharau weusi kwa maneno kila siku, alimstahi mgeni huyu kwa umaarufu wake, akamkalisha katika kiti ambacho mkwewe mwenyewe hakuruhusiwa. Mgeni akakaa pale kwa utulivu, akamsikiliza mwenyeji akijikanganya kwa maneno, na kumjibu kwa adabu iliyokuwa kali kuliko matusi. Mwishowe, walipokuwa wakipigwa picha pamoja, Davis akambusu Archie shavuni wakati kamera inapofyatuka. Kicheko cha watazamaji kilidumu kwa muda mrefu. Mkoba, kiti na kamera ya picha: vitu vitatu vya kawaida vilibeba hoja ambayo ingalihitaji hotuba ndefu, na hotuba hiyo isingalisikilizwa na wale waliohitaji kuisikia.

Kizingiti cha mlango nacho kilikuwa na kazi yake. Jirani George Jefferson, mtu mweusi mwenye biashara ya kufua nguo, alipotokea mwaka 1973 alikataa kwanza kuingia katika nyumba ya Mzungu huyu. Alisimama nje, na mazungumzo yakabidi yavuke mlango. Watengenezaji waliona hapo kwamba chuki haikai upande mmoja tu, na kwamba mbao chache za mlango zaweza kuwa mpaka kama ule wa nchi na nchi. Mwaka 1975 akina Jefferson walipewa mchezo wao wenyewe, ambamo walihamia katika jengo la fahari huko Manhattan. Hivyo jirani mweusi alipanda, na Archie akabaki na kiti chake kile kile. Tofauti ya samani za michezo hii miwili ni somo zima la uchumi.

Katika sehemu nyingine ya mwaka 1973 watengenezaji walikwenda mbali zaidi. Friji ya akina Bunker iliharibika, na mafundi wawili wakaja kuitengeneza, mmoja Mzungu na mwenziwe kijana mweusi. Baadaye Archie na Mike walisimulia yaliyotokea, kila mmoja kwa namna yake, na mtazamaji akaonyeshwa masimulizi yote. Katika masimulizi ya Archie fundi mweusi ni mtu wa kutisha mwenye silaha. Katika masimulizi ya Mike ni mnyonge anayeonewa na kila mtu. Mwisho Edith akasimulia, na kumbe kisu kilichogombewa kilikuwa kisu kidogo tu cha mfukoni. Mtafiti wa historia atavutiwa hasa na sehemu hii, kwa sababu chombo kimoja hubadilika ukubwa kwa kadiri ya hofu ya shahidi. Mke, aliyedhaniwa na wote kuwa mjinga, ndiye aliyekiona kisu kama kilivyo. Wala tusimsifu Mike kwa sababu nia yake ilikuwa njema. Naye alimgeuza fundi yule kuwa kitu cha kuthibitishia fikira zake.

Kulikuwa na vyombo vingine visivyoonekana kabisa. Mwaka 1957, katika mchezo wa Leave It to Beaver, ilikuwa taabu kubwa kuonyesha choo; watazamaji waliruhusiwa kuona tangi la maji peke yake. Katika nyumba ya akina Bunker sauti ya maji ya choo ilisikika wazi kutoka ghorofani, na huhesabiwa kuwa mara ya kwanza kusikika hivyo katika michezo ya saa za jioni ya Marekani. Huenda jambo hili likaonekana la kipuuzi katika jarida kama hili. Lakini fikiri maana yake. Jamaa za televisheni za miaka ya 1950 ziliishi kama kwamba hazina miili, hazina madeni, wala hazina majirani wa rangi nyingine. Sauti ile ya maji iliwatangazia watazamaji kwamba nyumba hii ni nyumba ya watu kweli, na kwamba mengine yaliyofichwa yatatolewa pia nje: vita vya Vietnam, kukosa kazi, ugonjwa, na chuki.

Hapo ndipo linapozuka swali zito ambalo haliwezi kuepukwa. Je, vyombo vile, kwa kumfanya Archie aonekane mtu kweli, vilimfanya pia apendeke kupita kiasi? Mwaka 1974 wataalamu wawili, Neil Vidmar na Milton Rokeach, walichapisha uchunguzi wao juu ya watazamaji wa mchezo huu. Waliona kwamba watu wenye chuki nyingi za rangi na watu wenye chuki chache wote waliufurahia mchezo, lakini hawakuuona mchezo mmoja. Wenye chuki chache walidhani Archie amechekwa. Wenye chuki nyingi walielekea kumwona Archie kuwa ndiye msema kweli, na Mike kuwa ndiye aliyeshindwa. Kicheko kilikuwa kimoja, sababu zilikuwa mbili. Lear aliamini kwamba ubaya ukitolewa nje na kuchekwa hupungua nguvu. Wapinzani wake walisema kwamba ubaya uliowekwa katika kiti cha starehe, karibu na mke mwema na kopo la bia, huwa mwenyeji wa nyumba. Mimi naona kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki. Mtu mwenye chuki aliyechorwa bila kiti, bila ngazi, bila piano, angalikuwa sanamu ya kutisha watoto, na hakuna mtazamaji ambaye angalimtambua ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lakini kwa vile alitambulika, alisamehewa na wengi kabla hajatubu. Hiyo ndiyo gharama ya uhalisi, na mwandishi wa michezo popote alipo hana budi kuijua kabla ya kuilipa.

Watengenezaji wenyewe walikuwa wakitambua kwamba kiti kimekua kuliko mwenyewe. Katika msimu wa saba, yaani wa 1976 hata 1977, waliandika kisa cha kiti hicho kuvunjika, kupelekwa kwa fundi, kupotea, na mwisho kuonekana kimewekwa katika maonyesho ya sanaa. Watu walicheka. Haukupita muda mrefu mzaha ukawa kweli. Mwaka 1978 Mike na Gloria walikuwa wamehamia California katika kisa, na ilidhaniwa kwamba mchezo umefika mwisho. Viti vya Archie na Edith vikatolewa kwa jumba la makumbusho mwezi Septemba mwaka huo. Lakini CBS ilitaka msimu mwingine, na waigizaji wawili wakuu walikubali. Viti vya asili vilikwisha kuwa mali ya taifa. Ikabidi vitengenezwe vingine vya kufanana navyo, pamoja na uchakavu wao, kwa maelfu ya dola. Kitu kilichonunuliwa kwa dola chache, kwa sababu hakikuwa na thamani kwa mwenyewe wa kwanza, hakikuweza kuigizwa ila kwa fedha nyingi. Nani atakayesema kwamba thamani imo katika mbao na kitambaa?

Mchezo ulikwisha mwaka 1979, ukafuatwa na Archie Bunker's Place, ulioendelea hata mwaka 1983. Jean Stapleton alikuwa amechoka na nafasi ya Edith, na mwaka 1980 ikaamuliwa kwamba Edith amekufa kwa ugonjwa wa ghafula. Hakuonyeshwa akifa, wala hakuonyeshwa maziko yake. Archie alionyeshwa nyumbani, mtu asiyeweza kulia mbele ya watu, mpaka alipoona kiatu kimoja cha nyumbani cha mkewe. Alikishika mkononi, na hapo ndipo alipovunjika moyo na kusema naye. Kwa miaka tisa nyumba hiyo ilikuwa na kiti kilichojulikana na taifa zima. Kiatu kile hakikuwa kimejulikana na mtu. Ndicho kilichoshinda. Kwa kuwa hatimaye chombo kinachomshtaki mtu si kile alichokilinda, bali kile alichokipita kila siku bila kukitazama.

Mwisho, nataka kusema neno juu ya kazi yetu sisi wenye kuhifadhi na kuandika. Sehemu nyingi za mchezo wa Alf Garnett, mzazi wa Archie, zilipotea kwa sababu kanda zake zilifutwa, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, ambapo kanda zilikuwa ghali na kuchekesha kulihesabiwa kuwa jambo la kupita. Huko yamebaki maandishi na kumbukumbu za watu, lakini ukumbi wenyewe, pamoja na vikombe, picha za ukutani na mwanga wa dirisha, hauwezi kurudishwa wote. Marekani walihifadhi kanda, wakahifadhi na kiti. Tuwashukuru. Lakini atakayesimama mbele ya kiti kile mjini Washington, asijue maneno yaliyosemwa kutoka kitini hapo, ataona fanicha ya babu mpendwa, atatabasamu na kupita. Hataona mkwe aliyeinuliwa, wala mke aliyeitwa jikoni, wala jirani aliyesimama nje ya mlango. Kiti kimehifadhiwa, bali ugomvi haukuhifadhika ndani ya kitambaa chake. Norman Lear alifariki mwaka 2023, mwenye umri wa miaka 101, na wale waliouona mchezo ulipokuwa mpya wanazidi kupungua. Basi ni wajibu wa mwandishi wa historia kukiweka kile chombo na yale maneno pahali pamoja, ili chombo kisiwe cha kupendeza tu, na maneno yasielee bila nyumba.